Nimeitwa mwenye roho ya upinzani kwa kukataa kuandika ushuhuda usio kweli. Je, nilikosea?

Swali: Shikamoo mchungaji. Mimi ni katibu wa idara ya maombi kanisani kwetu, na mojawapo ya kazi zangu ni kuandika shuhuda kwenye daftari kabla hazijasomwa Jumapili. Mama yangu mdogo ana presha ya miaka mingi. Aliombewa kwenye mkesha, akasema anajisikia mwepesi, na kiongozi wetu akatangaza kwamba amepona kabisa, akaniagiza niandike hivyo. Wiki hiyohiyo nilimsindikiza kliniki na kipimo kilikuwa juu. Nikakataa kuandika. Ubishi ulipozidi nikatuma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la idara: "Huo ushuhuda ni uongo, mama mdogo bado anaumwa na bado anameza dawa." Usiku uleule nikaondolewa kwenye kundi, na Jumapili nikasimamishwa huduma. Sasa naitwa mwenye roho ya upinzani, wapo wasionisalimia, na kila anayenishauri ananiambia nisimguse masihi wa Bwana, yaani mpakwa mafuta wake, wakimaanisha kiongozi. Mama yangu mzazi anasema funika kombe mwanaharamu apite. Je, nilikosea kusema kweli? Nikae kimya, nipambane au nihame?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nikakwama kwenye maneno ambayo pengine wewe uliyaandika haraka ukapita: "bado anameza dawa." Je, hata leo bado anameza? Tangu litolewe tangazo mbele ya watu wote kwamba amepona, mama huyo yuko katika mtihani mgumu kuliko wako. Kila akikifungua kile kipakiti cha vidonge anaweza kujiona anamkana Mungu.

Kwa hiyo kabla ya habari ya roho ya upinzani, nenda kwake. Presha haipigi hodi. Mtu anaweza kujisikia mwepesi kabisa huku kipimo kiko juu, na wengi walioacha dawa kwa sababu walijisikia wazima walikuja kugundua kosa baada ya kiharusi. Mwambie asipunguze wala asiache kidonge hata kimoja mpaka wa kliniki waseme. Mwambie pia kwamba kuombewa na kumeza dawa havigombani. Paulo, ambaye Matendo 19 inasema hata leso zake zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona, alimwandikia Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na udhaifu wake wa mara kwa mara. Na katika mistari ya mwisho ya 2 Timotheo anataja, kama mtu anayetoa habari za safari tu, kwamba Trofimo alimwacha Mileto akiwa mgonjwa. Sentensi hiyo naipenda sana. Mtume anamwacha mwenzake kitandani, analiandika jambo hilo katika waraka utakaosomwa na kanisa, na hatafuti neno la kulipamba.

Sasa swali lako. Kukataa kuandika hukukosea hata kidogo, na sitaki utikisike hapo. Soma 1 Wakorintho 15:15. Paulo anazungumza juu ya ufufuo, jambo ambalo imani yote imelisimamia, na hata hapo anasema kwamba kama Kristo hakufufuka, basi "tumeonekana kuwa mashahidi wa uongo wa Mungu." Hasemi kwamba ingekuwa si neno kwa kuwa watu wametiwa moyo. Kumshuhudia Mungu kwa jambo ambalo hakulifanya, kwake yeye ni kosa dhidi ya Mungu mwenyewe. Rafiki zake Ayubu nao walimtetea Mungu kwa hoja nzuri za dini, sura baada ya sura, na mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao, si yule aliyekuwa akilalamika majivuni. Kiongozi wako huenda aliona kwamba ushuhuda mkubwa utamletea Mungu utukufu mkubwa. Mungu hajawahi kutuomba tumwongezee.

Ujumbe wa WhatsApp ni habari nyingine, na hapa utanivumilia.

Uliandika "ni uongo." Katika lugha yetu neno hilo halisemi tu kwamba jambo si kweli, linamgusa pia aliyelisema: kwamba alijua, akasema kinyume. Wewe ulikijua kipimo cha kliniki. Moyo wa kiongozi ulikuwa huujui. Inawezekana kabisa alimsikia mama akisema "najisikia mwepesi" na yeye, kwa imani yake na furaha ya mkesha, akasikia "nimepona." Hilo ni kosa, na ni kosa la hatari, lakini kuliita uongo mbele ya watu arobaini kulimfungia mlango wa kusema "samahani, nilielewa vibaya." Ukishamwita mtu mwongo hadharani, hawezi tena kujisahihisha bila kukiri kwamba ni mwongo, na ni wachache wenye moyo huo.

Najua ninachosema kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuwa sahihi kwa namna mbaya. Nikiwa mchungaji kijana, katika mkutano mkuu wa kanisa nililokuwa nikihudumu, mzee mmoja alisoma taarifa ya waongofu wa semina ya siku mbili. Idadi aliyosoma ilikuwa karibu mara mbili ya niliowaona. Nikasimama, nikasema taarifa ile imepikwa, na nikaongeza kichekesho kidogo ambacho watu walikicheka. Baadaye ikagundulika kwamba mzee alihesabu mikono iliyonyooshwa siku ya kwanza, akahesabu tena siku ya pili, akajumlisha, bila kufikiri kwamba wengi walikuwa ni walewale. Idadi ilirekebishwa. Yule mzee hakurekebika. Mkewe alikuwa amekaa benchi la pili, na yeye ndiye aliyetazama chini watu walipocheka. Nilikwenda kuwaomba radhi, wakanipokea vizuri, lakini mpaka nahama pale, mzee hakusoma tena taarifa yoyote mbele ya watu.

Jambo la pili kwenye ujumbe wako naliona kubwa zaidi, na ajabu ni kwamba katika barua nzima hukuligusa. Ulitangaza ugonjwa wa mama mdogo. Kiongozi alitangaza kupona kwake bila kuhakikisha, nawe ukatangaza kuumwa kwake bila kumwomba ruhusa. Ninyi wawili mmepigania mwili wake kwenye kundi ambalo yeye pengine hayumo. Anza kwa kumwomba msamaha yeye. Kisha omba msamaha kwa kiongozi kwa neno lile moja, "uongo", na kwa mahali ulipolisemea. Usiombe msamaha kwa kukataa kuandika. Ukichanganya hayo, utajikuta umeikana kweli kwa kisingizio cha unyenyekevu. Paulo anatuonyesha mpaka huo ulivyo mwembamba: katika Matendo 23 anapigwa kofi mdomoni kwa amri ya kuhani mkuu, naye anamwita ukuta uliopakwa chokaa. Anapoambiwa huyo ni kuhani mkuu, analirudisha lile tusi na kunukuu andiko dhidi yake mwenyewe. Lakini ushuhuda wake kuhusu ufufuo haurudishi, anaendelea nao palepale.

Tuje kwenye "usimguse masihi wa Bwana." Nimeusikia msemo huu ukitumika kuzima maswali ya mahesabu ya sadaka, ya ndoa za watu, na sasa ya vipimo vya presha, kwa hiyo tuufungue mahali ulikotoka. Ni Zaburi 105:15: "Msiwaguse masihi wangu, wala msiwadhuru nabii zangu." Mstari unaotangulia unasema Mungu aliwakemea wafalme kwa ajili yao, na "wao" ni Abrahamu, Isaka na Yakobo, wageni wachache wasio na nchi, waliokuwa wakihama taifa hadi taifa. Wanaoonywa pale ni wafalme wenye majeshi, wasiwadhuru wanyonge. Leo tumeugeuza mstari ukamlinda mwenye nguvu dhidi ya mnyonge.

Tena fuatilia kisa chenyewe. Mfalme mmojawapo aliyekemewa ni Abimeleki wa Gerari, Mwanzo 20. Alimchukua Sara, na Mungu akamwambia katika ndoto amrudishe, kwa maana mumewe ni nabii. Hapo ndipo penye "nabii zangu" na "msiwaguse." Lakini kwa nini Abimeleki alimchukua Sara? Kwa sababu Abrahamu alimwambia kwamba huyo ni ndugu yake, akanyamaza habari ya ndoa. Na asubuhi, baada ya kuonywa na Mungu asimguse nabii, Abimeleki anafanya nini? Anamwita Abrahamu na kumuuliza usoni: umetutenda nini? Mfalme asiyemjua Mungu wa Abrahamu anamhoji masihi wa Bwana kuhusu kweli nusu, na Mungu hamkemei kwa hilo. Abimeleki anamrudisha Sara, anamlipa Abrahamu heshima yake, na bado anauliza swali. Kumbe kutomgusa na kumhoji vinaweza kukaa katika mtu mmoja, asubuhi moja.

Wengine watakukumbusha Daudi na Sauli, maana huko ndiko lilikotoka lile neno lenyewe la kutomnyoshea mkono masihi wa Bwana. Mwambie anayekukumbusha asome sura yote ya 24 ya 1 Samweli. Daudi alikata upindo wa vazi la Sauli pangoni, moyo ukamchoma hata kwa hilo, akawazuia watu wake wasimuue. Kisha akatoka pangoni, akaita kwa sauti nyuma ya mfalme, akainama mpaka chini, akauinua ule upindo ili Sauli auone, na kumwambia mbele ya majeshi ya pande zote mbili kwamba anamwinda mtu asiye na hatia. Sauli akalia. Akakiri. Na Daudi hakurudi naye nyumbani. Sauli alikwenda zake, Daudi na watu wake wakapanda ngomeni. Ninapokuandikia hivi najua inaweza kutokea hivyohivyo kwako: mtu akalia, mkasameheana kweli, na bado ikawa si busara kurudi chini ya mkono wake kesho yake.

Kuhusu kusalimiwa. Sitakwambia haiumi. Kati ya yote uliyoandika nadhani hilo ndilo linalokuamsha usiku, kwa sababu upinzani wa mtu wa mbali unaweza kuuita mateso ukapata nguvu, lakini mtu mliyefunga naye na kuombeana anapogeuza shingo mlangoni, unaanza kujiuliza kama kweli ulikiona kile kipimo. Hapo ndipo nakuomba uifungue Yohana 9, usome taratibu, maana sura ile inakuhusu kuliko andiko lolote nililotaja.

Kipofu amefunguliwa macho na Yesu. Kweli yenyewe ni ya furaha, ungedhani hakuna wa kuipinga. Majirani wanabishana kama ni yeye au ni mtu anayefanana naye. Wazazi wanaitwa, na kwa kuwa Wayahudi wamekwisha kupatana kwamba atakayemkiri Kristo atengwe na sinagogi, wanajibu kwa ustadi: ni mwana wetu, alizaliwa kipofu, jinsi alivyopata kuona hatujui, mwulizeni mwenyewe, ni mtu mzima. Hawakudanganya sana. Walijitoa tu. Mama yako na methali yake nampa nafasi hiyohiyo, na usimhukumu, anaogopa kwa ajili yako. Ila siku moja, kwa upole, muulize: hapa aliye chini ya hilo kombe ni nani? Ni mdogo wake wa tumbo moja.

Kisha viongozi wanamwita mara ya pili na kumwambia, "Mpe Mungu utukufu." Yaani, sema tunavyotaka sisi, kwa jina la Mungu. Naye anajibu jibu ambalo ningependa uliandike kwenye jalada la daftari lako. Kama Yesu ni mwenye dhambi, hajui. "Najua neno moja, kwamba mimi nalikuwa kipofu, na sasa naona." Hajifanyi kujua asichokijua, wala haachi hata tone la anachokijua. Wewe pia una neno moja: siku fulani, kwenye kliniki, kipimo kilisoma hivi. Hapo huna haja ya kupandisha sauti. Ukivuka ukaingia kwenye nia za kiongozi, kiburi chake, roho iliyo ndani yake, umeacha kuwa shahidi, umekuwa hakimu, na kesi yako imedhoofika.

Yule mtu walimtoa nje. Yesu alisikia kwamba wamemtoa nje, akamtafuta. Angalia pia kwamba tangu alipotumwa kunawa Siloamu mpaka anatolewa, Yesu haonekani katika maneno yale. Mtu yule alisimama peke yake karibu kesi nzima, akimtetea mtu ambaye hajawahi kumwona kwa macho.

Basi ufanye nini. Andika ushuhuda wa kweli, kisha uupeleke. Danieli hakuishia kukataa chakula cha mfalme, alimpa msimamizi njia nyingine, siku kumi za majaribio. Nawe mpe kiongozi kitu cha kusoma Jumapili, kwa ruhusa ya mama mdogo, kama hivi: "Mama yetu aliombewa kwenye mkesha. Anamshukuru Mungu kwa nafuu na amani aliyopata. Anaendelea na dawa na kliniki, na anaomba tuzidi kumwombea." Hakuna neno la uongo humo, na hakuna anayeaibika. Nimewaona watu wakilia kwa ushuhuda wa namna hiyo kuliko wa "amepona kabisa," kwa sababu kanisa limejaa watu walioombewa na bado wanaumwa, wanaokaa viti vya nyuma wakidhani ni wao tu ambao Mungu hakuwajibu. Mama mdogo akikataa kisomwe chochote, ni haki yake, na daftari libaki wazi.

Nenda kwa kiongozi peke yako kwanza, kama Mathayo 18 inavyosema, na usiende na simu yenye picha za ujumbe wa watu. Akikataa kukusikia, chukua mtu mmoja au wawili, lakini si wale wenye hasira upande wako. Chagua mtu ambaye yeye kiongozi anamheshimu. Kisha wazee wa kanisa. 1 Timotheo 5 inasema mashtaka juu ya mzee yasipokelewe ila kwa mashahidi wawili au watatu, na mstari unaofuata unasema wadumuo kutenda dhambi wakemewe mbele ya wote. Wanaomtetea kiongozi husoma wa kwanza wakafunga kitabu, wanaomshambulia huanzia wa pili. Wakati huo wote, kaa mbali na makundi. Atakayekuuliza mjibu alichouliza, basi. Usikusanye watu. Ile heri ya Mathayo 5 kwa wanaonenewa kila neno baya ina masharti mawili ndani yake, "kwa uongo" na "kwa ajili yangu," na wengi wetu tukisukumwa kidogo tunawapa wapinzani wetu maneno mabaya ya kweli ya kusema juu yetu.

Kuhama? Si sasa. Kusimamishwa huduma si kufukuzwa kanisani. Kaa benchini, uimbe, upokee. Lakini kama wazee watasikia, na bado wagonjwa wakaendelea kutangaziwa wamepona na kushawishika kutupa dawa, hapo ondoka, uwaeleze wazee sababu kwa mdomo wako, na usimvute mtu. Na kama kuna mgonjwa aliyekwisha kuacha dawa, usisubiri kikao cha wazee, waambie ndugu zake leo.

Wapo watakaokuita mwoga. Athanasio, askofu wa Aleksandria, alipingwa na watu wa imani yake: maaskofu wenzake, na wafalme waliojiita Wakristo. Mtaguso wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ulikuwa umekwisha kukiri mwaka 325 kwamba Mwana ni wa asili moja na Baba, lakini yeye kwa kulishikilia hilo alipelekwa uhamishoni mara 5, jumla ya miaka kama 17. Mwaka 356 askari walipolivamia kanisa usiku akiwa ibadani, alitoroka, akafichwa na watawa jangwani, na wapinzani wakamcheka kwamba amekimbia. Akaandika utetezi mzima wa kukimbia kwake, akikumbusha kwamba hata Bwana alijificha saa yake ilipokuwa haijafika. Alikufa mwaka 373, miaka 8 kabla ya mtaguso wa Konstantinopoli kuithibitisha tena imani ya Nikea.

Wewe huhitaji jangwa. Hukuniambia kliniki ya mama mdogo ni lini tena. Muulize, uombe ruhusa umsindikize kama ulivyofanya mara ile, na mkiwa kwenye foleni ndipo umwambie kuhusu ule ujumbe uliotuma bila kumwuliza.